Mate ya Watu Kumi

Daktari Ibtisam alikuja kwangu Jumatatu asubuhi na sanduku dogo jeupe, akaliweka juu ya zulia kando ya sinia ya tende, akalifungua. Mlikuwa na vichupa kumi, kila kimoja kimebandikwa jina la mtu wa ukoo wangu: mwanangu Khalid, mkewe Munira, watoto wao watano, halafu binti yangu mdogo na wanawe wawili.

"Kila mtu ateme mate kwenye chake, Mama Suleiman, mpaka kwenye huu mstari. Asile wala asinywe kitu nusu saa kabla. Wewe ndiye mkubwa wao, watakusikia."

"Watu hawa walinisikia mara ya mwisho nilipokuwa na meno," nikamwambia. "Lakini lete."

Mate yenyewe yalitakiwa kwa ajili ya Ghadir, mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa Suleiman. Ana miaka ishirini na miwili na ana selimundu. Hapa kwetu Ahsa hakuna nyumba isiyoijua selimundu, ila wengi wetu inawagusa kwa kidole tu. Ghadir inampiga ngumi. Siku njema anatembea, anacheka, ananiibia hina yangu. Siku mbaya analala chumbani kwangu amejikunja, ameuma ncha ya mto asipige kelele, na mimi nakaa nimemshika nyayo, kwa sababu nyayo ndizo peke yake zisizouma. Mama yake, Hayya, alifariki miaka minne iliyopita, kwa hiyo nyayo ni zamu yangu.

Sasa hospitali moja ya Riyadh ilikuwa imekubali kumpandikizia uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Kitanda alikuwa amewekewa mpaka mwisho wa Shaabani. Ikifika hapo hana mtu wa kumpa uloto, kitanda anapewa mwingine, kwenye foleni ndefu kama ya siku ya Kiyama. Kaka yake wa pekee alikwisha kupimwa, hakulingana naye. Baba yake alilingana nusu, na nusu haikutosha. Walikuwa wamebaki hao kumi.

Daktari ni binti wa mshona majoho ya bushuti wa mjini Hofuf, kwa hiyo akieleza mambo huyaeleza kwa uzi. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu kuna uzi mwembamba kupita akili, umekunjwakunjwa katika mafungu arobaini na sita, nusu umetoka kwa baba na nusu kwa mama. Juu ya nusu moja tu kuna herufi bilioni tatu. Huo uzi wote kwa jumla ndio unaitwa jenomu.

"Na zote hizo zina kazi?"

"Chache sana. Nyingine ni nakala za zamani zilizovunjika, nyingine ni vipande vilivyojirudia mara maelfu, nyingine ziliingizwa na virusi kabla dunia haijamwona binadamu. Hazikutupwa."

"Kama kabati la rafiki yangu Mama Faraj," nikasema.

Ghadir alikuwa amelala pale pembeni, akacheka. Daktari akaendelea. Kinachomvunja Ghadir mifupa, akasema, ni herufi moja. Moja tu, lakini ameipata kwa baba na kwa mama pia. Nikamuuliza herufi hiyo iliingiaje kwetu, maana mimi ukoo wangu naujua mpaka babu wa kumi na wanne na sikumwona mwenye kosa.

"Mama Suleiman, mama yako alizaa wangapi?"

"Kumi na mmoja. Alizika sita."

"Walikufa na nini?"

"Homa ya mbu. Zamani chemchemi zilikuwa zimejaa maji, na mbu walikuwa wakubwa unaweza kuwatandika kama punda."

"Basi mwenye herufi hiyo upande mmoja tu, homa ile haikumweza kirahisi. Hao ndio waliobaki, wakazaa, wakairithisha. Pengine ndiyo iliyokuweka wewe hapa. Mbu wamekwisha, chemchemi zimekauka, herufi imebaki."

Si kila siku unaambiwa kwamba kilichokulinda wewe ndicho kinachomtafuna mjukuu wako.

Halafu akaeleza kwa nini anataka mate. Katika fungu la sita la ule uzi kuna mtaa wa mabawabu, wale wanaouambia mwili huyu wetu na huyu mgeni. Mtaa huo ndimo watu wanamotofautiana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu maradhi nayo hubadilika kila zama, na kila ukoo ukaweka bawabu wa kwake. Uloto ukiingia na mabawabu wasiolingana ni vita, na anayekufa ni mwenye nyumba.

"Kwingine kote je?"

"Kwingine kote watu ni wamoja. Mchukue mtu yeyote na mwingine yeyote, katika kila herufi elfu wanafanana mia tisa tisini na tisa."

"Hata mimi na Mama Faraj?"

"Hata wewe na Mama Faraj."

Hiyo iliniudhi kidogo, lakini niliiweka akilini. Na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Nilianza kwa Munira, maana nyumba yake ndiyo ilikuwa na vichupa saba. Munira ni mke wa Khalid na pia ni mdogo wake marehemu Hayya. Wanangu wawili walioa dada wawili, wakanirahisishia: wakwe nikawagombeza wote kwa pumzi moja. Alinikaribisha vizuri, akashika mdila, akanimiminia kahawa. Nikatoa kichupa chenye jina lake.

"Hicho nini, mama?"

"Unatema mate humu."

"Mate yangu mimi?"

"Yako, ya mumeo, na ya watoto."

Akauweka mdila chini polepole sana, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kwa hiyo mmefika huku," akasema.

Mimi nimezeeka, mambo mengine huchelewa kunifikia. Kwetu mtu akishukiwa kwamba ana jicho baya, na jicho lake limempiga mtu, haitwi polisi. Inachukuliwa athari yake: machicha ya kahawa aliyoyaacha kwenye finjani, kokwa za tende alizonyonya, na ukiweza mate yake yenyewe, maana mate hayana mfano. Inatiwa kwenye maji, aliyepigwa jicho anaogeshwa, anapona. Huchukuliwa kwa siri. Kumwendea mtu mchana kweupe ukamwambia tema mate hapa ni sawa na kumwambia wewe ndiye uliyemuua ngamia wangu.

Na Munira alikuwa anashukiwa. Miaka mitatu nyuma, kwenye harusi moja, alishika msuko wa Ghadir mbele ya watu akasema, "Nywele hizi ni kamba ya kisima." Mashaallah, ya kuzuia jicho, hakusema. Mimi nilikuwepo, nakula kiapo kwamba mdomo wake ulikuwa umejaa halua. Kesho yake Ghadir akalazwa siku kumi na tisa. Tangu hapo hakuna aliyemwambia kitu usoni, lakini wenye vitoto walianza kuvifunika.

"Munira, wallahi hii ni ya daktari," nikasema. "Ya damu. Ya uloto."

"Kila anayekuja kuchukua athari ya mtu ana jina lake la kuiitia. Unadhani sijui, mama? Mara mbili nimehesabu kokwa kwenye sahani yangu nikakuta zimepungua. Mara mbili. Nikanyamaza, kwa sababu yule ni mtoto wa dada yangu, nikasema kama zitamponya, wachukue. Sasa mnataka na ya wanangu? Dalal anaolewa baada ya Idi. Wakwe zake wakisikia nyumba nzima imechukuliwa mate, watasema ukoo mzima una jicho."

"Nani atawaambia?"

"Wewe umekuja umebeba vichupa mkononi barabara nzima."

Hapo alikuwa na haki. Nilikuwa nimevibeba kama mtu anayeuza manukato.

Kufika alasiri kijiji kizima kilikuwa na habari. Nilipokwenda kwa binti yangu wa kumzaa nilikuta finjani zimekwisha kuoshwa, zimekaushwa, zimefichwa, na tende nilizoletewa zilikuwa zimetolewa kokwa zote. Binti yangu, niliyemnyonyesha miaka miwili. Nikala tende zangu bila kokwa nikarudi nyumbani na vichupa kumi vitupu.

Ningemwambia daktari, yangekwisha. Lakini niliona aibu. Mtu msomi kama yule, binti wa Hofuf, nimwambie watu wangu wanamwona mwinda-jicho? Nikakaa chumbani, nikavipanga vile vichupa dirishani, nikapiga hesabu yangu ya darasa la tano. Kama watu wanafanana mia tisa tisini na tisa katika elfu, na hao ni watu baki, basi mimi na wanangu na wajukuu zangu tunakosana kwa kitu gani? Mate ni mate. Uzi ni ule ule. Nikachukua ndimu nikainyonya, nikaanza kutema.

Ilinichukua mpaka adhana ya magharibi. Mate ya mzee hayaji mbio. Cha Khalid nilikitemea kwa sauti nene, kwa heshima. Nilipomaliza kinywa changu kilikuwa kikavu kama kisima cha Mama Faraj, lakini vichupa vyote kumi vilikuwa vimefika kwenye mstari, na daktari alipokuja kuvichukua alinisifu.

Zikapita siku kumi na nane. Ndani ya siku hizo Ghadir alipatwa tena, safari hii kifuani. Adhuhuri moja midomo yake ikawa rangi ya majivu, Suleiman akambeba mpaka kwenye gari. Alikaa hospitali wiki nzima na bomba la hewa puani. Kila nikienda kumtazama alikuwa ananiuliza jambo moja: "Majibu ya mate yametoka, bibi?" Nami nilimwambia bado, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa. Nilidhani nimemsaidia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine.

Daktari alikuja siku ya pili baada ya Ghadir kurudi. Hakukaa. Alifunga mlango.

"Mama Suleiman, nimewasoma watu wako kumi. Khalid ni mwanamke."

"Mkewe hajalalamika," nikasema.

Hakucheka. Mimi nimezoea watu kucheka, kwa hiyo nikajua maji yamezidi unga.

"Watu wote kumi ni mtu mmoja. Herufi kwa herufi. Na mtu huyo nusu yake nzima imo ndani ya Suleiman, ambaye tulimpima zamani kwa damu. Niambie, nani nusu yake imo ndani ya Suleiman?"

"Baba yake."

"Nimesema ni mwanamke."

"Basi labda mama yake," nikasema, "kama yupo hai."

Akakaa chini hapo, kwenye zulia, na baibui lake jeusi likamzunguka. Akanieleza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Kwamba katika elfu, ni ile moja iliyobaki ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Kwamba moja katika elfu, ukiihesabu kwenye bilioni tatu, ni herufi milioni tatu, na ndani yake mna bawabu anayeweza kumponya Ghadir. Kwamba siku kumi na nane zimepotea na zimebaki ishirini na moja.

Ghadir alikuwa ameamka. Alikuwa anatusikiliza amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Bibi, ulitema vyote kumi?"

"Vyote."

"Mate ulipata wapi?"

"Nilinyonya ndimu."

Akaanza kucheka, mbavu zikamuuma, akajishika, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akasema, bila kicheko, "Ungeniambia tu mimi, bibi. Ningekuambia hawatakubali. Najua wanavyosema juu ya mama mdogo Munira. Mimi ndiye wanayeniogesha kwa kokwa zake."

Nikamshika nyayo.

Nilifikiri siku ile nzima. Kuwaeleza watu kwamba mate ni ya tiba ilikuwa kazi bure. Nilikwisha kumweleza Munira na alikuwa na akili kuliko wote. Jicho lilikuwa limeachwa halina mwenyewe kwa miaka mitatu, linazunguka kijijini, na kila mtu aliogopa lisimtue yeye. Mate yasingetoka mpaka jicho lipate mwenyewe. Nikamtumia daktari ujumbe: Jumatano saa nne asubuhi, kwa Mama Faraj, na vichupa vipya, ndani ya mkoba tafadhali.

Jumatano kwa Mama Faraj ndiyo siku ya kahawa ya wanawake wetu wote. Walikuwa karibu ishirini. Binti yangu alikuwepo. Munira naye alikuja na Dalal, binti yake mkubwa, mwenye miaka ishirini na minne, kwa sababu kutokuja kungekuwa kukiri. Mama Faraj akainua mdila, nikamwambia, "Weka chini kwanza. Nina neno, na nikianza nisikatizwe na kahawa."

"Neno lako litachukua muda gani?"

"Nusu saa," nikasema, na daktari pale mlangoni akatazama saa yake.

Nikawasimulia. Nilianza tangu Ghadir alipozaliwa, maana nusu saa ni ndefu. Nikafika kwenye ile harusi ya miaka mitatu nyuma. Nikasema siku ile asubuhi, kabla hawajatoka nyumbani, Ghadir alishuka ngazi amevaa jalabia ya kijani, hana maumivu, anashuka kwa miguu yote miwili bila kushika ukuta. Nilikuwa sijamwona akishuka ngazi hivyo tangu ana miaka tisa. Nilimtazama kuanzia kidole mpaka utosi. Nikasema moyoni mwangu, huyu kapona, huyu sasa ni mzuri kuliko binti wa yeyote. Na jina la Mungu sikulitaja, si kwa ulimi wala moyoni. Jioni ndipo Munira akasema maneno yake ya halua. Lakini jicho lilikwisha kutua tangu asubuhi.

"Kwa hiyo msihangaike na kokwa za watu," nikasema. "Mwenye jicho ni mimi."

Nataka nieleweke: ngazi ile ni kweli. Jalabia ya kijani ni kweli, na nilivyomtazama ni kweli. Mengine mtajaza wenyewe.

Mama Faraj, rafiki yangu wa miaka sitini, alinyoosha mkono akazisogeza zile finjani zake mpya zenye mstari wa dhahabu, akaziweka nyuma ya mto. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alijikuta ana haja ya kwenda kukaa karibu na dirisha.

Munira alisimama.

"Rudia, mama."

"Nimesema ni mimi."

"Rudia wasikie na waliokaa mlangoni."

"Ni mimi niliyempiga jicho Ghadir. Si Munira. Munira mmemwonea miaka mitatu, na mimi nilijua nikawaacha mumwonee."

Akabaki amesimama hapo katikati. Nilidhani atanipiga. Alimgeukia daktari akanyoosha mkono. "Lete chupa yangu," akasema, akaifungua, akatema mbele ya wote, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayempiga mawe shetani kule Mina kwenye Hija, mpaka ikafika kwenye mstari ikapita. "Ya wanangu na ya mume wangu nitakuletea kabla ya adhuhuri," akamwambia daktari. "Na Dalal anatema hapa hapa."

Baada ya hapo ilikuwa shida kuwazuia. Mwenye jicho alikwisha kujulikana, kwa hiyo kila mtu sasa alitaka kutema kuonyesha kwamba si yeye. Binti yangu akatema. Mama Faraj, ambaye hana undugu na sisi hata wa mbuzi, akauliza kwa nini yeye hakuletewa chupa. Na kahawa ilipomiminwa mwishowe, nilipewa finjani kuukuu yenye ufa, na nilipoiweka chini mikono mitatu iliirukia mara moja. Machicha yangu yalikwenda nyumbani kumwogesha Ghadir. Ghadir alinisimulia kwamba alinuka hiliki siku mbili.

Majibu yalikuja siku ya kumi na moja. Katika wale kumi, mmoja alikuwa na mabawabu wote sawasawa na wa Ghadir: Dalal. Daktari alichora kwenye karatasi. Kwa sababu baba zao ni ndugu na mama zao ni dada, uzi wa nyumba mbili ulipita mara mbili kwenye sindano moja, na kwa bahati, mafungu ya sita waliyoyapata yalikuwa yale yale. Binamu, lakini katika mtaa huo ni pacha.

Sasa ikabaki Munira. Siku ile ile alikuja kwangu peke yake, akavua viatu mlangoni, akakaa mbali na mimi.

"Wanataka kumtoboa nyonga," akasema. "Zimebaki wiki sita aolewe."

"Daktari anasema uloto huota tena. Ni kama jati shambani, yale majani ya kulishia mifugo, unaikata, baada ya wiki chache imerudi."

"Binti yangu si jati."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema, 'Mama, mifupa ni yangu, na Ghadir alinisuka nywele miaka kumi.' Ameshakubali. Hakuniuliza, amenitaarifu." Akafuta macho kwa ncha ya shela. "Nami sina neno kwa Ghadir. Hayya angefanya hivyo kwa wangu. Nimekuja kwa jambo jingine. Nikuulize, na unijibu bila mzaha, kwa mara moja katika maisha yako. Yale uliyoyasema kwa Mama Faraj ni kweli?"

Niliona njia mbili wazi kabisa. Nikisema ni uongo, Munira angeliondoka na jicho lake mkononi, na mwanawe anakwenda kukatwa nyonga kwa ajili ya yule yule wanayesema amempiga. Angeweza kumzuia.

"Kweli," nikasema.

"Basi kwenye harusi ya Dalal usije, mama. Nisamehe. Atakuwa ametoka hospitali, atakuwa bado dhaifu, na wewe ukimwona amevaa utampenda. Nakujua."

"Nitampenda," nikasema. "Sitakuja."

Yeye ndiye aliyelia, si mimi. Mimi nilisubiri aondoke.

Wakaenda Riyadh siku nne kabla ya Shaabani kwisha. Dalal alilazwa kifudifudi, wakamtoa uloto kwenye nyonga, akaamka akasema ni kama amepigwa teke na ngamia mwenye adabu. Ghadir alipewa kwanza dawa za kuua uloto wake mwenyewe. Nywele zake zilianguka zote, ile kamba ya kisima. Akakaa kwenye chumba kilichofungwa siku arobaini, tukazungumza kwa simu, akanionyesha kichwa chake kitupu nikamwambia sasa anafanana na marehemu babu yake, ila babu yake alikuwa na masharubu.

Siku ya hina ya Dalal nilikaa nyumbani. Ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilichukua ungo wa mchele mwekundu nikachagua mawe, na ngoma zilipoanza niliendelea kuchagua. Mimi nimepiga ngoma kwenye kila harusi ya kijiji hiki tangu nina miaka kumi na mitano. Mchele ule ulikuwa safi sana.

Ghadir alirudi baada ya Hija. Daktari Ibtisam alikuja kumpima, akafurahi, akawa msemaji. Alisema damu ya Ghadir ukiisoma sasa itakuambia jina lake ni Dalal. Mate yake yatakuambia ni wawili. Ila nywele zinazoota zitakuambia ni Ghadir yule yule.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe, Mama Suleiman, mate yako tunayajua."

Jumatano iliyofuata Ghadir alisema anataka kwenda kwa Mama Faraj. Nikamwambia atangulie. Mimi siku hizi huingia mwisho, hukaa karibu na mlango, na wanaonionea huruma hunikalisha nimeelekea ukutani, kwa adabu. Watoto hufunikwa. Mwenye kitambaa kipya hukikalia. Nimezoea, nawatisha kidogo kwa makusudi, nikimkodolea mtu macho anakumbuka ameacha sufuria jikoni.

Nilipoingia Ghadir alikuwa amekaa kati ya Munira na Dalal. Dalal ana mimba ya miezi mitatu, na mara tu aliponiona mama yake akamvutia upande wa baibui juu ya tumbo. Nikaenda mahali pangu. Nikatazama zulia.

Ghadir akainuka. Alivuka chumba chote, katikati ya miguu ya watu na masinia, akasimama mbele yangu.

"Bibi, nitazame."

"Nimekuona nyumbani."

"Nyumbani unaniangalia kwa pembe ya jicho kama kuku. Nitazame hapa."

"Ghadir, kaa," Munira akasema. "Mwanangu, bado hujapona sawasawa."

Hakukaa. Akavua shela lake mbele ya wanawake wote. Nywele zilikuwa zimefika urefu wa vidole viwili, zimejikunja, nyeusi, hazikuwa hivyo zamani. Akalikunja shela akamkabidhi Mama Faraj amshikie.

"Nitazame vizuri," akasema. "Na usiseme kitu. Usitaje chochote."

Mtu mmoja alitaka kusema mashaallah kwa niaba yangu, Ghadir akamnyooshea kidole, akanyamaza. Kule upande wa pili Dalal alilitoa lile baibui tumboni, akaliweka pembeni, na mama yake alipolishika tena, akamwondoa mkono.

Basi nikainua uso. Nikaanzia miguuni, kwenye vile visigino nilivyovishika miaka minne, nikapanda. Magoti, yamenyooka. Mikono, haikushika ukuta. Shingo. Nilipofika kwenye nywele sikuharakisha. Kahawa ilikuwa inapoa, na mjukuu wangu amesimama wima ananingoja nimalize.